Shingo ya Vitanzi Sitini

10 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Goti la mama bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna goti, kwa hiyo ananigombeza kama kawaida. Anakusalimu. Kusema kweli alisema tu "msalimie", bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua. Mdogo wangu amepata kazi ya kufundisha chekechea, na wiki ya kwanza haijaisha sauti imemkauka. Masikio yako je? Ulisema simu inakupa nusu ya maneno na nusu nyingine unajitungia. Ndiyo maana naandika.

Sasa jambo lenyewe, maana nikilikalia zaidi nitapasuka. Kiwanda chetu cha sweta kimeleta mashine mpya ya kufuma. Inafuma kifua cha sweta huku wewe bado unatafuta kalamu. Tatizo ni kwamba haijui patani zetu, yaani maelekezo ya kufuma kila sweta. Tuna patani mia nne na kumi na mbili kwenye madaftari, zimeandikwa kwa lugha ya mkato ya hapa hapa kiwandani: anza vitanzi 120, fuma safu 80, gawa, funga 20 vya kati, na kadhalika. Kitanzi, kama umesahau, ni kile kijicho kimoja cha uzi juu ya sindano. Zile mashine za zamani zilisoma kadi zilizotobolewa matundu. Hii inataka amri za kwake.

Uongozi unasema tununue patani zilizo tayari, haya madaftari yatupwe. Nikabisha. Fundi Mkuu akanitazama juu ya miwani: "Binti, ukiweza kuifanya mashine isome haya makaratasi kabla ya kikao cha Juni, nitakuvulia kofia. Usipoweza, yanakwenda kuwashia boila."

Nimeandika programu ya kutafsiri. Mjomba, ni aibu. Ina kurasa kumi na moja za "ikiwa hivi, fanya vile". Nikirekebisha mkono, mgongo unaharibika. Wewe umefundisha utengenezaji wa kompaila, hizo programu za kutafsiri programu nyingine, maisha yako yote. Nisaidie.

Kuna pia daftari moja la kijani ambalo nimeambiwa nisiliguse. Hilo nitakueleza siku nyingine.

Mpwa wako,
Maswali

24 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikibishana na fundi bomba. Mimi simsikii, yeye hataki kunisikia, kwa hiyo tulielewana vizuri na bomba limepona. Afya yangu ni nzuri kuanzia mabegani kushuka chini. Masikio yamestaafu kabla yangu.

Umenifurahisha hadi nimeutoa ubao wangu wa zamani uvunguni mwa kitanda. Kaa, tuanze taratibu.

Programu yako inasoma patani kama mtu anayesoma orodha ya kununua vitu: mstari mmoja, halafu mwingine. Lakini patani ni mti. Juu kabisa andika SWETA. Chini yake tawanya matawi: mgongo, kifua, mikono miwili. Chini ya kifua weka mwili na shingo. Chini ya shingo weka upande wa kushoto na upande wa kulia. Endelea hivyo hadi ufike kwenye amri ndogo kabisa. Kanuni zinazosema kipi kimeundwa na vipi ndizo sarufi ya lugha yenu. Hilo ni la kwanza.

La pili ndilo tamu. Kwenye kila kifundo cha mti, yaani kila jina uliloandika pale, ning'iniza sifa. Sifa ni jambo lolote tunalotaka kulijua kuhusu kifundo hicho: vitanzi vingapi vinaingia, vingapi vinatoka, kosa lipo au halipo. Sifa nyingine hushuka, yaani kifundo huzipokea kutoka juu. Nyingine hupanda: kifundo huzihesabu kutoka kwa watoto wake na kuzikabidhi kwa mzazi. Kazi yako ni kuandika, kando ya kila kanuni, sifa hii inapatikana vipi kutokana na zile. Basi. Huandiki "kwanza fanya hiki, kisha kile". Zana ya kompyuta utakayoipa kanuni hizo itatazama nani anamhitaji nani, na itapanga foleni.

Hii ndiyo inayoitwa sarufi ya sifa. Kurasa zako kumi na moja zitakuwa mbili, nakuahidi.

Angalizo moja. Safu zinapofuatana, vitanzi vinavyoingia safu ya pili ni vile vilivyotoka safu ya kwanza. Lakini shingo ikigawanywa, kushoto na kulia havifuatani. Ni ndugu wawili wa mzazi mmoja. Kila mmoja apewe hesabu yake na mzazi, asiipokee kutoka kwa mwenzake. Isome sentensi hiyo mara mbili. Wanafunzi wangu niliwasomesha mara mbili kila mwaka kwa miaka 27.

Lile daftari la kijani, wala huna haja ya kunieleza.

Wako,
Mjomba

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo shikamoo! Mama mzima, goti limepungua, chekechea wamemzoea mdogo wangu na sasa wanampanda mgongoni. Nimemaliza salamu. Naweza kuanza kupiga kelele?

Ni kurasa mbili! Moja na nusu, ukitoa maelezo yangu. Nilipoona mti wa kwanza umejichora kwenye kioo cha kompyuta, na namba zikishuka matawini kisha zikipanda, niliruka hadi nikagonga taa ya mezani. Karani wa uzi alidhani nimeona nyoka.

Kulikuwa na siku moja mbaya. Niliandika kwamba upana wa ukingo unatokana na upana wa mwili, halafu sehemu nyingine, kwa usahaulifu, upana wa mwili unatokana na ukingo. Zana ikakataa katakata: mduara, hakuna wa kuanza. Nilikaa pale nikiwaonea huruma hao wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake afungue mdomo.

Halafu sikia hili. Nimeongeza sifa mpya, uzito wa uzi. Kila amri inasema imekula uzi kiasi gani, mzazi anajumlisha na kupandisha. Sikugusa kitu kingine chochote! Nikamwambia Fundi Mkuu: "Patani ya hamsini na tatu, sweta ya kijana wa miaka kumi na miwili, itakuwa na gramu mia tatu na sita."

"Hujaifuma bado," akasema.

"Ndiyo maana nakwambia sasa."

"Wewe umekuwa mganga?"

Tukaifuma, tukaiweka kwenye mizani mbele ya watu wote wa zamu. Mia tatu na kumi. Mshonaji mmoja akasema, "Hizo nne ni jasho la Fundi Mkuu," na ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Ilibidi anipikie chai wiki nzima. Anapika vibaya.

Sasa daftari la kijani. Najua umesema nisieleze, lakini siwezi kukuuliza bila kueleza. Ni la mama. Kabla hajahamishiwa chumba cha kufungasha alikuwa mwandishi wa patani, tena wanasema hakuwa na mfano. Alibuni amri ya kwake: "punguza hadi vibaki", yaani hadi vibaki vitanzi kadhaa. Wengine waliandika "punguza mara ishirini", kwa hiyo kila saizi ilidai patani yake. Ya mama ilikuwa moja kwa saizi zote. Siku ya kwanza kuitumia, miaka thelathini na moja iliyopita, vilifumwa vifua mia sita vya sare ya shule kabla ya kushonwa hata kimoja. Kilipokuja kushonwa, mabega yalikataa kulingana, wakayalazimisha. Meneja wa wakati ule akaivaa ile kubwa kuliko zote kuonyesha hakuna tatizo. Kichwa kikakwama. Watu wawili walivuta. Mpaka leo anaitwa Bwana Kichwa, na sasa ndiye mkurugenzi. Mama akapelekwa kufungasha sweta kwenye mifuko, na huko ndiko aliko hadi leo.

Anastaafu tarehe 30 Juni. Sitaki aondoke kama yule aliyeharibu sweta mia sita.

Niambie: sarufi ya sifa inaweza kupima patani ya zamani namna hiyo na kusema bila upendeleo kama ilikuwa na kosa?

Mpwa wako mwenye roho juu,
Maswali

28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilivuja juu ya rafu ya vitabu na nimekuwa nikianika kurasa. Jirani anadhani nimefungua duka.

Habari ya mizani nimeisoma mara nne. Umeona raha yake? Mti ni ule ule, sarufi ni ile ile, wewe unaongeza swali jipya na majibu yanapanda yenyewe. Kesho unaweza kuuliza mashine itatumia dakika ngapi, keshokutwa ni wapi uzi utakatika. Kutafsiri programu na kuichunguza ni kazi moja, tofauti ni sifa ulizoning'iniza. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi na wao wakitazama saa.

Kuhusu mduara wako: zana nzuri huutambua kabla ya kuanza kazi. Binadamu hatuna bahati hiyo.

Daftari la kijani liache mwisho. Anza na patani nyingine, ni mia nne, zitakutosha. Patani za zamani mara nyingine hukosa kurasa, na hukumu ya haraka haimsaidii mtu.

Mvua imeanza tena. Naishia hapa.

Mjomba

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Sikuliacha mwisho.

Nililiingiza Jumamosi mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Anza vitanzi 120. Funga 20 vya kati. Kila upande unapokea 50 kutoka kwa mzazi. Punguza hadi vibaki 30. Kushoto inapunguza mara ishirini, kulia inapunguza mara ishirini. Jumlisha na vile vya kati: shingo ya vitanzi sitini. Makosa: sifuri. Nikabadilisha saizi, sifuri. Saizi zote kumi na moja, sifuri! Patani ya mama haikuwa na kosa lolote, mjomba. Nilicheka na kulia kwa pamoja, peke yangu, kama mtu aliyerukwa na akili.

Nikajiuliza, basi kwa nini Bwana Kichwa alikwama? Nikashuka stoo. Sanduku la kadi za siku ile bado lipo, hakuna anayetaka kuligusa. Nikazihesabu kadi moja moja. Kushoto: punguza mara ishirini. Kulia: mara sifuri. Shingo ilifunguka upande mmoja tu, vitanzi arobaini. Programu ya kutoboa kadi ilikuwa na sanduku moja tu la kuwekea hesabu, yaani nafasi moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ilipomaliza kushoto, sanduku lilisema thelathini. Ilipofika kulia ikatazama sanduku lile lile, ikaona thelathini tayari vimebaki, ikapita zake. Kulia ilipokea hesabu ya ndugu yake badala ya hesabu ya mzazi.

Ile sentensi uliyosema niisome mara mbili.

Chini ya sanduku la kadi kuna karatasi za programu yenyewe, na pembeni kuna namba za penseli. Kila saba imekatwa mkanda tumboni, na mkia wake umepinda kama ndoana. Mjomba, nina barua zako hapa. Angalia ile 27 ya miaka uliyofundisha.

Siku zote mama alisema ulikuwa karani wa stoo hapa kabla ya kwenda chuoni. Nikamwuliza jana, kama utani, nani aliandika programu ya kadi. Akasema, "Mjomba wako, baada ya saa za kazi. Hata ile 'hadi vibaki' nilimwomba mimi aiweke." Nikamwuliza kama hakuwahi kufikiri kosa lilikuwa la programu. Akakunja gunia alilokuwa analikunja, akalikunja tena.

"Nilimwandikia huko chuoni kumwuliza. Akajibu: programu iko sawa. Mdogo wangu hanidanganyi."

Sijamwambia kitu.

Maswali

1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kimya chako kimekuwa kirefu na posta nimeulizia, haijapotea barua.

Kikao ni tarehe 21. Mia nne na kumi na moja zimepita, mashine inazifuma kama imezaliwa nazo. Imebaki moja. Fundi Mkuu anasema niiache: "Umeshinda, binti, usilete mkosi mezani." Nitaipeleka. Na wakiniuliza kwa nini wakati ule ilishindikana, nitasema programu ilikuwa na kosa. Wakiniuliza ya nani, nitasema sijui. Litakuwa jibu langu la kwanza la uongo katika kazi hii yote.

Mama sitamwambia mimi. Hesabu hii haipandi kutoka kwangu.

Maswali

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya nzuri. Rafu imekauka. Nimemaliza salamu, kama unavyosema wewe.

Ni yangu. Nililiandika sanduku lile moja nikiwa kijana mwenye haraka, nikijivunia kwamba kompyuta pekee ya kiwanda inanitii. Dada yangu aliponiuliza, nilijibu programu iko sawa kwa sababu niliamini iko sawa. Kama ingeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga unasameheka.

Mwaka wa pili chuoni mwalimu alichora mti ubaoni. Akagawa tawi mara mbili, akaandika kwamba kila mtoto hupokea kutoka kwa mzazi. Hakuwa akizungumzia sweta hata kidogo. Mimi niliiona shingo. Niliona kushoto ishirini, kulia sifuri, niliona meneja anavutwa kichwa, nikamwona dada yangu na mifuko yake. Jasho lilinitoka darasani saa nne asubuhi. Na papo hapo, lazima nikwambie ukweli wote, nilisisimka kama ulivyosisimka wewe siku ya kuruka na kugonga taa. Kulikuwa na njia ya kuandika programu ambayo kosa lile lisingepata pa kukaa! Niliipenda kazi hii siku ile ile niliyopaswa kuandika barua.

Sikuiandika. Kiwanda ndicho kilichonisomesha, niliogopa kurudishwa. Nikasema nitaandika nikimaliza. Nilipomaliza nikasema amezoea. Baadaye nikawa nangoja aniulize tena, na yeye, kumbe, hakuwa na haja ya kuuliza kwa sababu aliniamini. Mduara wako ule. Miaka ishirini na saba nimewafundisha vijana mfano wa mabega mawili, wakafaulu, wakanishukuru, na hakuna hata mmoja aliyejua mfano ule una mwenyewe na anafungasha sweta.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Iliyo wazi ni ya kikao. Nimeeleza kosa, nimechora mti, nimetia jina langu na sahihi. Isome kwa sauti, usiilainishe. Iliyofungwa ni ya dada yangu. Mpe kwanza yeye, kabla ya kikao. Asipotaka kunijibu, nitaelewa.

Na lile daftari la kijani ndilo lianze kufumwa.

Mjomba wako

25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wazima, wote, kabisa.

Mama aliisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni. Akaikunja. Siku mbili hakunigombeza hata mara moja, nikaogopa kweli. Siku ya tatu akaniamsha: "Hicho kikao ni saa ngapi? Nakuja." Akaja na vazi lake la kufungashia, akakaa mstari wa mbele.

Nilisoma barua yako yote. Nilipofika kwenye mti, niliuchora ubaoni. Mkurugenzi akanyanyua mkono bila kujijua akajishika sikio, la kulia, na watu wakaanza kuuma midomo. Halafu tukawasha mashine. Daftari la kijani, saizi kubwa kuliko zote. Dakika ishirini na mbili, mjomba, hakuna aliyekaa! Ilipogawa shingo nilisikia mtu nyuma yangu anahesabu kwa sauti, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, kisha kulia akaanza upya, na alipofika ishirini ya pili ukumbi ulilipuka. Washonaji wakaiunganisha pale pale na mgongo na mikono iliyokuwa tayari.

"Nani aijaribu?" Fundi Mkuu akauliza.

Mama akasimama, akaichukua, akampelekea mkurugenzi. Bwana Kichwa akaitazama sweta, akamtazama mama, akavaa. Ikapita kama maji. Akiwa bado ndani yake, nywele zimesimama, akasema, "Mama, tulikukosea." Mama akajibu, "Geuka nione mgongo."

Patani zote mia nne na kumi na mbili zinabaki, na ya kijani ndiyo itakayofuma sare zote za mwaka ujao. Wamemwomba mama abaki mwaka mmoja kufundisha waandishi wapya. Amesema atafikiri, lakini nimemwona ananoa penseli. Fundi Mkuu amevua kofia. Ana upara ambao hakuna aliyeujua.

Kwenye kifurushi hiki kuna kitu kutoka kwa mama. Hataki nikione, lakini kipande cha karatasi aliniachia nikigundishe hapa chini.

Maswali

*Mdogo wangu,*

*Hii ni moja ya zile mia sita. Niliificha siku ile, sijui kwa nini. Ivae. Ukikwama, kaa humo kidogo ufikirie. Sijamaliza kukasirika, nitamalizia ukija.*

*Ukishajitoa, chukua futi ya kitambaa, pima kichwa chako, uniandikie. Patani ni moja kwa saizi zote. Mashine inangoja.*

*Dada yako*